Jumamosi ya Nyika ya Eyasi

Gurudumu la mbele lilizama kabla Specioza hajaweza kukanyaga breki. Majani yalikuwa yamefika usawa wa boneti, makavu, rangi ya manyoya ya simba, na chini yake palijificha korongo ambalo hakuna jicho lingeliona. Landrova ilienda kwa pua, ikagonga kisiki upande wa pili, ikasimama hapo hapo. Milembe alirushwa mbele, akakinga uso kwa mikono yote miwili. Kukawa kimya. Kisha akasikia maji yakichuruzika mahali fulani, na harufu ya mvuke wenye kutu ikamjaa puani.

"Umeumia?" Specioza aliuliza.

"Sidhani. Wewe?"

"Mguu wangu umebanwa kwenye pedeli. Usiuguse kwanza. Angalia maji."

Ndivyo alivyokuwa Specioza. Miaka kumi na mmoja alikuwa dereva wa chama cha ushirika cha pamba, mwanamke pekee katika gereji nzima pale Bariadi. Kisha wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia, malori ya ushirika yakalazwa juu ya matofali, watu wakapunguzwa kazini, naye akaambiwa achukue Landrova ile ile aliyoizeesha mwenyewe, iwe ndiyo haki yake. Watu walicheka. Yeye akaifumua injini, akaifunga upya, akaanza kubeba wagonjwa na watu wa minadani.

Milembe alikuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari. Wawili hao walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza kule Ngulyati, na ingawa sasa walikuwa na miaka thelathini na minane kila mmoja, hakuna aliyewahi kupata rafiki mwingine wa namna hiyo. Kwa miaka kumi na mitatu Milembe alikuwa akichora Bonde la Ufa ubaoni bila kuwahi kuliona. "Septemba mkifunga shule nakupeleka," Specioza alimwambia, "ukalione kwa macho, uache kuwadanganya watoto wa watu."

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi. Magari yote yenye uhai yalikuwa yamekodiwa kubeba bendera na vipaza sauti, lakini Specioza aliwakatalia wote. Walipita Mwandoya na Mwanhuzi wakiimba, wakasimama kwenye vilima vya mawe yaliyobebana, wakawapiga picha twiga waliowatazama kama watu wenye mashaka. Ijumaa asubuhi walipita kwenye visima vya mchangani ambako wafugaji wa Kitaturu walikuwa wakinywesha ng'ombe, na saa sita mchana ardhi ikaisha ghafla mbele yao. Chini sana, ziwa la Eyasi lilikuwa limelala jeupe kama unga uliomwagika. Ng'ambo yake milima ya Ngorongoro ilisimama bluu juu ya bluu. Babu zao walikuwa wakitembea majuma mawili kuja hapa kuchota chumvi, na wengine hawakurudi. Milembe alilia bila kuona haya. Specioza alikaa juu ya boneti akitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Nilidhani mnayatunga mambo haya huko chuoni."

Walikaa mno. Ilipofika saa tisa, Milembe alikunjua ramani akasema kwamba wakikata moja kwa moja kuelekea magharibi, wataikuta barabara ya Bukundi kabla ya giza. Specioza aliyatazama yale majani marefu.

"Una hakika?"

"Ramani inaonyesha."

Ndipo korongo.

Dumu la lita ishirini lilikuwa limechanwa na jeki, na maji yote yalikuwa yamenywewa na magunia. Lililobaki lilikuwa galoni dogo, nusu yake. Milembe aliingia chini ya gari na sufuria, akakinga yale yaliyotoka kwenye rejeta iliyotobolewa na kisiki. Alipata lita tatu hivi, mekundu kwa kutu, yakielea mafuta juu. Kisha akamtoa Specioza. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, na ncha yake ilikuwa imetoboa ngozi. Alivunja kreti ya soda, akaufunga mguu kwa mbao na vipande vya kitenge. Specioza aliuma kola ya koti lake muda wote. Hakutoa sauti, ila machozi yalimtiririka mpaka masikioni.

Jua lilipokuwa likishuka walishauriana.

"Kesho alfajiri fuata alama za matairi," Specioza alisema. "Zitakurudisha visimani kwa Wataturu."

"Ni kilomita ishirini na tano, pengine zaidi. Na mto huu hapa." Milembe aliweka kidole juu ya mstari wa bluu. "Kilomita saba tu."

"Mto gani wewe umeuona na maji mwezi wa tisa?"

"Hata kama umekauka, nitachimba. Mchana nimerudi na maji. Nikienda huko kwingine nitakuacha siku mbili."

Specioza aliutazama ule mstari kwa kitambo. "Wewe ndiye mwalimu," alisema.

Jumamosi Milembe aliondoka kabla jua halijachomoza. Alitembea akiwa na jua mgongoni, kisha ubavuni, akikwepa miiba ya migunga, akikohoa vumbi. Mto aliukuta pale pale ramani iliposema. Ulikuwa mchanga mtupu, mpana, mweupe. Tembo walikuwa wametangulia kuchimba, na mashimo yao yalikuwa makavu mpaka chini. Alipiga magoti ndani ya shimo lenye kina zaidi, akachimba kwa mikono mpaka mchanga ukamfika begani. Ulipoanza kuwa na ubaridi aliufungia ndani ya kanga akaikamua kwa nguvu zake zote. Kanga ililowa kidogo tu. Akainyonya.

Alikunjua ramani tena. Mstari wa bluu ulikuwa umekatwakatwa, vipande vipande. Kila mwaka aliwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili maana yake: mto wa msimu. Hakuhitaji kuambiwa. Alijua tangu jana jioni, na alikuwa amejikaza asijue, kwa sababu hakutaka kumwacha rafiki yake peke yake nyikani.

Alirudi saa tisa, ulimi umeganda kwenye kaakaa. Specioza alikuwa amelala kivulini ubavuni mwa gari. Aliitazama mikono ya Milembe, mitupu, yenye damu kwenye kucha.

"Hakuna?"

"Hakuna."

"Haya. Pumzika. Kesho utafuata matairi."

Hakumlaumu. Milembe angependa alaumiwe.

Jumapili mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, vidole vimekuwa vyeusi, na ulikuwa umeanza kunuka. Mwili wa Specioza uliwaka moto. Hata hivyo ndiye aliyegawa maji, akipima kwa kifuniko cha galoni. Yalibaki kama lita mbili.

"Chukua yote," alisema. "Anayetembea ndiye anayekunywa."

"Tutagawana nusu kwa nusu."

"Milembe, mimi nimekaa kivulini. Sina kiu. Ni kizunguzungu tu."

Milembe aliacha nusu ndani ya sufuria, akaifunika kwa sahani ili nyuki wasiingie. Alimwekea kiberiti na michembe, akamtandikia magunia.

"Nitarudi kesho."

"Nenda, wewe," Specioza alisema. "Unapoteza ubaridi wa asubuhi."

Alama za matairi zilikuwa wazi kwenye majani yaliyolala. Alizifuata kwa muda wa saa tatu, akinywa funda moja kila jua lilipopanda kiganja. Maji ya rejeta yalikuwa na ladha ya msumari. Kundi la tembo lilimkatia njia, akasimama nyuma ya mti mpaka wakapita, wakubwa na wadogo, bila haraka. Kisha akafika kwenye uwanda wa mwamba, mweusi, mpana kama viwanja vinne vya mpira, na alama zikaishia hapo. Aliuzunguka ukingo wote. Akauzunguka tena. Viatu vilikuwa vimemchubua visigino, damu ikawa inateleza ndani. Alikunjua ramani, na ile karatasi haikumwambia lolote.

Alipokuwa amesimama hivyo, akaona mavi ya ng'ombe. Alilipasua bonge moja kwa kidole cha mguu. Juu lilikuwa kavu, ndani lilikuwa bado na unyevu. Baba yake, mzee Mayala, alikuwa mfugaji maisha yake yote, na Milembe alipokuwa msichana mdogo alimfuata machungani kabla shule haijamchukua. Mzee alikuwa akisema njia moja ya ng'ombe haikupi habari. Zikikutana mbili, elekea zinakokutana, maana hakuna ng'ombe anayekosea maji.

Aliiacha ramani pale pale juu ya mwamba. Alifuata njia nyembamba kama utepe. Ikapokea nyingine kutoka kushoto, kisha nyingine. Kufikia saa kumi zilikuwa zimeungana kuwa barabara ya vumbi jepesi, na mbele akasikia kengele za shingoni.

Mwanamke wa Kitaturu aliyevaa sketi ya ngozi na bangili za shaba alimshika mkono alipojitupa kwenye hori la ng'ombe. Akamnywesha mwenyewe kwa kibuyu, kidogo, akakiondoa, akamrudishia kidogo tena. Mumewe aliitwa Gidahoda, na alijua Kisukuma kwa sababu ya biashara ya mifugo.

"Uko na nani?"

"Mwenzangu yuko kwenye gari. Mguu umevunjika."

"Maji anayo?"

"Kidogo."

Gidahoda alilitazama jua. "Wewe baki. Nitafuata nyayo zako."

"Narudi naye."

"Miguu yako imekwisha, mama."

"Nipe punda."

Hakubishana zaidi. Waliondoka na punda wawili na vibuyu vinne. Walilifikia gari Jumatatu, jua likiwa limechomoza urefu wa mti.

Specioza hakuwa kwenye magunia. Sufuria ilikuwa imepinduliwa, kavu, na sahani iko mbali. Mburuzo ulionekana mchangani kutoka kivulini mpaka mbele ya gari, na mguu uliofungwa mbao ulikuwa umechora mfereji. Walimkuta chini ya rejeta, shavu limeegemea chuma, mkono mmoja umeingia kwenye lile tundu. Midomo yake na vidole vilikuwa vyekundu kwa kutu.

Gidahoda alimgusa shingo, kisha kwapa. "Alfajiri hii," alisema, na papo hapo akaonekana kujuta kwamba amesema.

Milembe alimvuta kutoka chini ya gari, akampakata kichwa mapajani. Akafungua kibuyu, akamwosha midomo, akamwosha vidole kimoja kimoja, kisha akaendelea kumimina juu ya uso mpaka kibuyu kikaisha. Akachukua cha pili. Yule mwanamume wa nchi ambako maji huhesabiwa kwa matone alisimama kando, ameshika kamba za punda, wala hakumzuia.

Walimfunga kwa magunia wakambeba kwa punda mpaka Bukundi. Huko walipata lori lililokuwa limetoka kununua pamba, na mpaka Bariadi Milembe alilala juu ya marobota karibu naye. Siku Specioza alipozikwa Ngulyati, Milembe alikuwa hospitali, miguu imefungwa, sindano ya maji mkononi. Alisikia kwamba watu walikuwa wengi. Alisikia pia kwamba mama wa marehemu aliambiwa na kila mtu kuwa binti yake alikufa papo hapo, hakuteseka.

Baada ya majuma matatu alikwenda Ngulyati. Njia nzima alijizoeza uongo wa upole. Mama huyo, Nyamizi, alikuwa mwanamke mrefu aliyeanza kupinda, na alimkuta shambani aking'oa mabua ya pamba. Majirani walikuwa wamekwisha kung'oa na kuchoma ya kwao. Yake yalichelewa kwa msiba.

"Mwadila, mayu," Milembe alimsalimu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Umetembea na miguu hiyo?"

"Nimetembea."

Nyamizi aliendelea na shina alilokuwa amelishika mpaka likatoka. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Alikuwa na kiu?"

Uongo wote wa njiani ukamtoka Milembe akilini. "Ndiyo, mayu. Sana." Akaeleza mburuzo, na tundu la rejeta, na kutu. Akaeleza njia ya mkato aliyoitaka yeye. Alipofika kwenye Jumamosi aliisema yote. Mstari uliokatwa, alioujua maana yake. Kwamba angefuata matairi siku hiyo, Specioza angekuwa amepata maji Jumapili.

Mama alikaa juu ya rundo la mabua.

"Wote walionijia wamenipa maneno ya kufunika," alisema. "Nikawa sijui nimelie yupi. Siwezi kukwambia huna kosa. Labda unalo, labda huna. Mimi ni mama yake, usinipe kesi hiyo niihukumu." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Lakini ulikuwa umeshafika kwenye maji. Ulikuwa umeshapona. Ukarudi."

Milembe alilia, na Nyamizi naye akalia. Hawakushikana. Kila mmoja alilia mahali alipokuwa.

Kisha mama aliinuka akaingia mstari uliofuata, na Milembe akavua viatu akaingia ule wa jirani yake. Ardhi ilikuwa ngumu. Ilibidi kulitikisa shina huku na huku, kisha kulivuta kwa mgongo. Vidonda vya visigino vilifunguka, akaviacha. Walikuwa wamemaliza mistari minne Nyamizi alipoanza kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Specioza alipokuwa na miaka mitano aliwahi kupanda mkokoteni wa baba yake na kuwaswaga maksai peke yake mpaka mnadani, na walipomfuata walimkuta ameshawanywesha.

"Hakuniambia," Milembe alisema.

"Alichapwa. Ndiyo maana."

Wakaendelea kung'oa mpaka jua lilipotua, mama akisimulia, na Milembe akiuliza kila alipomwona anataka kunyamaza.