Sauti Kutoka Nyumbani

Mimi ni Kyakimwa. Nauza maharage sokoni Makiso. Vita vilitukimbiza kutoka Kivu ya Kaskazini, na hapa Kisangani simu ndiyo ilikuwa kijiji changu. Kila asubuhi, hata kabla ya kuwasha makaa, nafungua WhatsApp ya ukoo wetu.

Siku ile kulikuwa na audio, ujumbe wa sauti. Mwanamume alisema kwa Kinande, lugha ya kwetu: "Musiende kwenye mahema ya wagonjwa. Anayeingia hatoki!" Nikaituma kwa watu kumi na wawili. Wa kwanza ni binamu yangu Nzanzu, anayekaa ng'ambo ya mto. Mutu wa kwetu angenidanganyaje?

Siku mbili baadaye, mume wangu Paluku akaanza kuhara maji matupu, kama ya kuoshea mchele. Akatapika. Kufika saa nne, macho yalikuwa yamezama. Jirani yetu Hélène, anayepita nyumba kwa nyumba akifundisha afya, akaja mbio.

"Mama, hii iko kolera, kipindupindu. Tupeleke papa kwenye kituo sasa hivi!"

"Haendi! Kule wanaua watu. Sikiliza!" Nikafungua audio.

"Miye sisikii Kinande. Nielezee yote."

Huku akachanganya lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akamnywesha Paluku kidogo kidogo.

Nikaanza kutafsiri. "Anasema... Ebola imefika Beni..." Nikairudisha mwanzo, nikasikiliza tena.

"Alors, kolera ya Kisangani iko wapi ndani?"

Haikuwamo. Audio ilikuwa ya wakati wa Ebola kule kwetu, miaka mingi iliyopita. Tena shangazi yangu alitibiwa kwenye mahema yale yale ya Beni, akapona! Mungu wangu, nilijichukia. Nilipenda sauti, sikusikiliza maneno.

"Bon, hasira baadaye," Hélène akasema. "Ita pikipiki."

Kituoni walimtundikia Paluku maji ya kuingia kwenye mshipa. Siku ya tatu akatoka kwa miguu yake. Hélène hakupiga makofi.

"Na wale kumi na wawili?" akauliza. "Kabla ya kutuma kitu, uliza: nani anasema? Wapi? Lini?"

Paluku akachukua simu yangu, akawarekodia wale kumi na wawili audio kwa Kinande: "Ni miye Paluku, leo, Kisangani. Niliingia kituoni, nimetoka. Chemsheni maji. Mutu akihara, mumupeleke mbio. Wafu hawatumi audio!"

Tukacheka. Kisha jibu la Nzanzu likaingia, na kicheko kikakatika.

"Mama anahara tangu asubuhi. Nilikuwa nimefunga mulango, asichukuliwe kwenye mahema. Sasa nafungua. Tunaenda."