Kibao cha Phylis

Munguti alikuwa na homa jioni ile, kwa hivyo akamtuma mkewe.

"Jacinta, nenda pale njia panda unipangusie kile kibao. Kikijaa vumbi madereva hawakioni."

Jacinta akachukua kitambaa. Moyo ulikuwa unamuungua. Miaka mitatu ameolewa, na kila jioni mumewe lazima aende pale, kwenye barabara ya Namanga, nje kidogo ya Bisil, mahali lori lilimgonga Phylis, mke wake wa kwanza. Munguti ndiye aliyesumbua maofisi mpaka matuta yakawekwa, na kibao cha kuwaonya madereva. Mlango wa jiko la Jacinta ulikuwa umeng'oka tangu Januari. Huo Munguti hakuwa na wakati nao.

Alifika jua likizama. Kibao kilikuwa kinang'aa, kimetunzwa kuliko yeye.

"Hata ukiwa umekufa unabembelezwa," akanong'ona.

Akachota matope mtaroni, akakipaka chote. Kikawa cheusi.

Upepo ukakatika.

Halafu harufu ikaja... mafuta ya nazi, na moshi wa kuni. Nyuma yake patipati zikaanza kuburuzwa kwenye changarawe. Polepole.

Kwaruu... kwaruu...

"Dada." Sauti ilikuwa karibu na sikio. "Unanionea wivu wa nini?"

Jacinta akatoka mbio, akajikwaa kwenye tuta, akaanguka katikati ya lami. Lori lilikuwa linashuka kutoka upande wa Namanga, likivuma. Miguu ikakataa kuinuka.

Akafumba macho.

Breki zikalia.

Alipofumbua, bampa ilikuwa hatua mbili kutoka usoni pake. Dereva akashuka.

"Mama, shukuru mwenzako! Taa zimemmulika akipangusa kibao, ndio nikakumbuka matuta."

"Mwenzangu gani?"

Dereva akageuka. Hapakuwa na mtu. Kibao kilikuwa safi, kingali na maji. Akapanda lori lake bila kuaga.

Jacinta alikimbia mpaka nyumbani. Alimkuta Munguti ameketi kitandani, homa imemtoka, anatabasamu vile hajawahi kumtabasamia yeye.

"Mmechelewa," akasema.

"Sisi na nani?" Jacinta akanong'ona. "Munguti, niko peke yangu."

Munguti alikuwa anaangalia nyuma ya bega la Jacinta. Kisha akajisogeza mpaka ukutani, akaacha nafasi ya watu wawili.