Kisiwa cha Kwanza

Soko la Bukoba siku ya Jumamosi halimjui mkubwa wala mdogo. Wabeba mikungu ya ndizi hupita wakiomba njia kwa sauti, wauza nyanya hukaa wameiziba njia hiyohiyo, na asiyejua kutumia viwiko vyake hurudi nyumbani na kikapu kitupu. Asubuhi hiyo Alistidia alikuwa amesimama kwenye meza za samaki, gauni lake la kitenge cha kijani limembana kiunoni na kumwachia uhuru miguuni, nywele kazisuka twende kilioni. Pembeni yake kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikononi alikuwa akimnyooshea kidole sato mmoja mnene.

"Huyu, mama. Nifungie huyu."

Hakuna aliyemwomba Alistidia ushauri, ila mdomo wake haukuzoea kusubiri kuombwa.

"Huyo wa juzi, kaka," alisema kwa sauti ya chini.

"Umejuaje?"

Alistidia alifunua shavu la samaki kwa kidole. Ndani palikuwa na rangi ya udongo. "Wa leo huwa mwekundu hapa. Chukua yule wa pembeni."

Muuza samaki alimkata jicho, lakini yule wa pembeni ndiye aliyefungwa. Kijana alipolipa hakuondoka.

"Dada, umesomea samaki?"

"Nimesomea dawa. Niko duka la dawa, Rwamishenye."

"Mimi nimesomea migomba. Niko kituo cha utafiti, Maruku. Naitwa Clavery Byarugaba." Alisema hivyo akijinyoosha kola, kama nshomile yeyote, msomi wa Kihaya anayejipenda. "Sasa hii elimu ya samaki umeitoa wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kamachumu," alijibu Alistidia, na jibu lilitoka haraka kwa sababu alikuwa amelitoa mara nyingi.

Anayeijua Muleba atacheka. Kamachumu iko juu mlimani, kwenye kahawa na migomba, na samaki akifika huko huwa amesafiri vya kutosha. Kweli Alistidia alilelewa huko kwa baba yake mdogo, Mushumbusi, tangu alipoanza shule. Ila alizaliwa Bumbire, kisiwani, na mama yake Benadetha bado yuko huko mwaloni, anawapikia wavuvi ugali na samaki. Bwenini wasichana walikuwa wakiziba pua na kumwita dagaa. Alipokuwa mkubwa, mchumba wake wa kwanza alirudi nyuma pale wazazi wake waliposema hawaoi visiwani, ambako haijulikani nani ni nani. Tangu hapo Alistidia alikifuta kisiwa kwenye mdomo wake.

Mapenzi yao yalikua taratibu, na simu ndiyo iliyoyalea.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ebitoke."

"Za mgomba gani?"

"Clavery, wanaume wengine huuliza mtu amevaa nini."

"Hayo nitauliza nikishajua umekula ndizi ya maana."

Alicheka mpaka mteja wa dawa ya kikohozi akacheka naye bila kujua sababu. Msimu wa senene ulipofika Clavery alimletea kopo zima, wamekaangwa wakakauka vizuri, na walipokwisha alimchumbia palepale Maruku, katikati ya mistari ya migomba, viatu vyake vimejaa matope. Alistidia alisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Alimpenda mtu huyo. Hilo hakuwahi kulidanganya.

Baada ya hapo Clavery akaanza kupanga fungate. Alikuwa amemsikia Alistidia akisema mara moja, wakiwa ufukweni wanakitazama kisiwa cha Musira, kwamba moyo wake hutulia akiona nchi iliyozungukwa na maji. Neno hilo halikudondoka. Jumapili moja baada ya ibada walikaa kwenye mgahawa kando ya ziwa, akafungua laptop yake katikati ya glasi za juisi.

"Tunaanzia Unguja. Kisha Mafia. Kutoka hapo tunaruka Shelisheli, tunamalizia Morisi."

"Hiyo ni fungate au ziara ya rais?"

"Angalia kwanza ndipo unicheke." Akamwonyesha picha. Hoteli ya Unguja ilikuwa na vyumba vilivyosimama juu ya bahari, na sakafu ya kioo. "Unaona? Umelala kitandani, unawatazama samaki."

"Au wao ndio wanatutazama sisi?"

"Tutaweka zulia. Haya, ona Shelisheli. Kila chumba na bwawa lake. Asubuhi wanakuletea chai kwenye sinia, sinia linaelea, nyinyi mko ndani ya maji."

Alistidia aliangua kicheko. "Kwetu chai ikiingia majini mtu hulia."

Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Clavery aliinua macho.

"Kwenu Kamachumu?"

"Mtoni," alisema Alistidia. "Tukienda kufua."

Clavery alimtazama kidogo, akarudisha macho kwenye picha. "Sawa. Sasa hoteli zinataka tarehe. Tarehe inataka harusi, na harusi inataka posa. Wazee wangu kule Kibeta wameshapata mshenga. Tuje kwenu lini?"

"Tutaangalia," alisema Alistidia, akaivuta juisi yake mpaka mrija ukakoroma.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Upande wa baba haukuwa na shida, kwa kuwa baba mzazi alishafariki, na baba mdogo ni baba. Shida ilikuwa paja. Kwa desturi yao, siku ya kumuaga binti, wazazi humpakata kabla hajatoka nyumbani, hata awe mkubwa na mzito namna gani, na watu wote huona ni mapaja ya nani. Clavery aliamini mama mzazi wa Alistidia ni mke wa Mushumbusi. Basi siku hiyo mama wa kweli akae wapi?

Alistidia alifikiri siku kadhaa, akapata jibu ambalo hakulipenda, akampigia mama yake simu akiwa nyuma ya duka.

"Mae, shikamoo."

"Marahaba, mwana wange. Sauti yako imechoka. Unakula?"

Alimweleza. Alizunguka, akarudi, akasema mwishowe. Upande wa pili ulisikika upepo wa ziwa na mtu akigonga sufuria.

"Yaani nije kama mama mdogo," alisema Benadetha.

"Kwa siku hiyo tu, Mae. Baadaye nitamweleza taratibu."

"Na atakayekupakata ni mke wa shemeji."

"Ndiyo."

"Sawa waitu, mwanangu. Nitakuja utakavyo. Mradi uolewe vizuri."

Alistidia alikata simu akidhani amepata nafuu. Alirudi kaunta, akampa mtu dawa ya minyoo badala ya mafua, ikabidi amwite arudi.

Baba mdogo hakukubali kwa urahisi. "Mimi ni baba yako, hilo liko wazi," Mushumbusi alimwambia. "Ila mama yako yuko hai, Alistidia. Mtu aliye hai hafunikwi." Alistidia alimwomba ampe muda. Muda ndio alioomba kila mahali, na Clavery ndiye wa kwanza kuchoka.

"Kila nikitaja posa unasema tutaangalia," alimwambia jioni moja alipomsindikiza nyumbani Rwamishenye. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Alistidia zaidi. "Anayetaka kuolewa haangalii. Kuna mtu Kamachumu?"

"Hakuna mtu."

"Basi kuna nini?"

Alistidia alitazama viatu vyake. Angesema neno moja tu, lile la Bumbire, yangekwisha. Lakini aliliona tena lile kundi la bwenini na pua zao zilizozibwa, na neno likagoma.

"Visiwa nimevifunga," alisema Clavery. "Ukweli ulio nao mimi siujui, nitaupandisha ndege kwenda wapi? Ukiwa tayari kusema, namba yangu unayo."

Akaenda. Siku zilizofuata hakuna aliyemuuliza Alistidia kama amekula, na kweli hakuwa anakula vizuri. Alimkumbuka Clavery kwa mambo madogo, namna alivyokunja mikono ya shati na namna alivyoitukana ndizi mbovu kwa upole. Usingizi ulimjia kwa shida. Alikuwa na hofu ya kumpoteza, na alijua ni yeye mwenyewe anayempoteza.

Kisha mama yake akapiga simu, mchana, dukani kukiwa na watu.

"Alistidia, nimeshonesha gomesi ya kuvaa harusini. Ya zambarau. Fundi kaniuliza ni ya harusi ya nani."

"Ukamjibuje, Mae?"

"Nikamwambia ya mtoto wa shemeji yangu." Benadetha alicheka kidogo, kicheko cha kujikaza. "Nafanya mazoezi. Nisije nikakosea siku yenyewe nikakuita mwanangu mbele ya wakwe zako, nikakuharibia."

Alistidia aliweka simu kaunta, akainama chini kama anayetafuta dawa kwenye rafu ya chini, akalia huko. Alipoinuka alimwachia mwenzake funguo. Alipanda pikipiki mpaka Maruku, koti jeupe la kazini likiwa bado mwilini.

Clavery alikuwa shambani akikagua machipukizi. Alimwona akija kati ya migomba, akasimama bila kumlaki.

"Mimi si mtu wa Kamachumu," alisema Alistidia kabla hajafika karibu. "Nimezaliwa Bumbire. Mama yangu anapikia wavuvi. Yule utakayeambiwa ni mama mdogo ndiye aliyenizaa, na mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Sasa umejua. Ukitaka kuondoka, ondoka."

"Niondoke niende wapi, na hapa ni kazini kwangu?" alisema Clavery. Kisha akafuta matope mikononi kwa majani makavu. "Nilijua hutoki Kamachumu."

"Tangu lini?"

"Tangu yule sato. Na ile chai ikaongezea. Ila nilidhani umeacha mume mwaloni huko."

Alistidia alicheka machozi yakimtoka. "Mume?"

"Ningefikiri nini? Alistidia, natafuta visiwa mwezi mzima, nasumbua watu wa Morisi, kumbe mwenzangu una chako umekikalia." Akamshika mkono. Halafu uso wake ukabadilika. "Kisiwa hakijaniudhi hata kidogo. La mama yako ndilo. Hilo la kumfanya mama mdogo limeniuma, na si mimi wa kukusamehe."

"Najua."

"Basi twende kwa mwenyewe."

Jumamosi walishuka mpaka mwalo mmoja wa Muleba, wakapanda boti ya injini iliyobeba kreti za soda na magodoro. Clavery alivaa jaketi la kujiokoa, akalifunga mpaka kidevuni, akashika ubao wa boti kwa mikono yote miwili. Alistidia alikaa ubavuni, gauni la kijani likipigwa na upepo, akimtazama kwa furaha isiyo na huruma.

"Mpenzi, hujui kuogelea?"

"Migomba haiogelei."

"Na vile vyumba vya juu ya bahari?"

"Vile vina nguzo," alisema Clavery, akafumba macho wimbi lilipopita.

Bumbire ilipokaribia, moshi wa samaki ulianza kuwafikia, na Alistidia hakugeuza uso. Benadetha aliwaona kutoka jikoni kwake. Alitoka akijifuta mikono kwenye kitenge cha kazi, akamtazama kijana, akamtazama binti yake, akatafuta machoni mwake nini cha kusema.

"Karibuni," alisema. "Mimi ni..." Akasita, akingoja aambiwe yeye ni nani leo.

Alistidia alipiga magoti mchangani.

"Clavery, huyu ndiye mama yangu. Ndiye aliyenizaa, sina mwingine. Mae, nisamehe. Nilikuonea haya, na wewe hukunifanyia jambo la kuonewa haya."

"Inuka," alisema Benadetha. "Utachafua gauni." Lakini alimshika mabega yeye mwenyewe kumwinua, na hakuyaachia upesi.

Aliwakaribisha ugali na sato. Clavery alifunua shavu la samaki kwenye sahani, akalichungulia, na Alistidia akampiga kofi mkononi. Walipokwisha kula Clavery alimweleza mama mkwe mipango yake kwa heshima zote, Unguja, Mafia, Shelisheli, Morisi, vitanda vinavyotazama samaki na chai inayoelea.

"Sasa visiwa vimekuwa vitano, mama," alisema. "Na cha kwanza ni hiki. Tukitoka kanisani tunaanzia hapa."

"Kwangu hulali," alisema Benadetha. "Mkwe kulala kwa mama mkwe ni mwiko. Kuna gesti ya mabati pale mwaloni. Kiyoyozi haina, ila samaki utawaona."

"Ina nguzo?" aliuliza Clavery, na Alistidia akacheka hadi akapaliwa.

Baadaye Benadetha alikaa kwenye kigoda mlangoni, akanyoosha kitenge chake juu ya magoti.

"Siku hiyo nani anakupakata?"

"Wewe, Mae."

"Umeshakuwa mtu mzima. Njoo nijaribu kwanza, nisije nikakuangusha mbele za watu."

Alistidia alimkalia mama yake mapajani, jambo ambalo hakulifanya tangu siku alipovushwa kwenda shule. Clavery aligeuka akalitazama ziwa, kwa adabu. Benadetha alimzungushia mikono inayonuka moshi, akayumba kidogo, akajiweka sawa.

"Bado nakuweza," alisema.