Itoka la Jakobsberg

Jumapili moja ya Juni, baada ya ibada, Wamuyu alikwenda kula chakula cha mchana kwa mdogo wake Eve huko Jakobsberg. Hapakuwa na jambo. Ludovic, mume wa Eve, Mrundi mpole anayecheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe, alikuwa anachoma kuku uani. Mtoto wao Darlène, wa miaka sita, alikuwa anakimbia peku kwenye majani. Eve alileta chapati. Watu walikula, wakashiba, wakalisifu jua, maana Stockholm jua husifiwa likiwa bado lipo.

Wamuyu naye alisifu, lakini roho ilikuwa inamchoma. Tusifichane. Ni yeye aliyetangulia Sweden. Ni yeye aliyempokea Eve uwanja wa ndege na koti la kuazima, akampa kitanda chake kule mtaa wa Rågsved, mwenyewe akalala kwenye sofa majira mazima ya baridi. Leo Eve ana nyumba yenye ua, ana mume, ana mtoto. Yeye ana chumba kimoja na jiko ghorofani, na zamu za usiku katika nyumba ya wazee. Kila alipokanyaga majani yale aliona anakanyaga kitu kilichopaswa kuwa chake.

Hayo yote angeyameza. Kilichomkwama kooni ni itoka.

Kwa Wakikuyu, itoka ni ua la mpaka. Lina tunguu nene kama kitunguu kikubwa, lina majani marefu, na halifi kirahisi. Watu wa zamani walilipanda wakiwa wameelewana: huku kwako, huku kwangu. Kulihamisha kwa siri ni kujitafutia laana, na mtoto wa kwao Nyeri hulijua hilo kabla hajajua kusoma. Hili la Eve lilikuwa na historia yake. Enzi za mkoloni, Disii, mkuu wa wilaya wa Kizungu, alipokuja kutangaza kwamba ardhi ya ukingo ule inachukuliwa na serikali, alisema boma lililo ndani ya mstari wa matoka litabaki, na lililo nje litahama. Gathogo, ndugu wa babu yao, alikuwa amemwonea Guka, yaani babu huyo, kijicho miaka mingi kwa sababu ya shamba lake la karibu na mto. Akayang'oa matoka, akayapanda upya. Wapima ardhi walipofika na minyororo yao, wakakuta boma la Guka liko nje.

Guka alihama na vyungu na watoto, na kwenye mzigo wake akabeba tunguu moja. Aliwaambia wanawe kwamba likishapandwa lisiguswe na mtu mwenye kijicho, kwa maana wale wapima ardhi bado hawajamaliza kupima.

Kiangazi cha mwaka uliopita mama yao alikuja kuwatembelea na tunguu lile limefichwa ndani ya soksi. Akampa Eve. Wamuyu akauliza kwa nini asipewe yeye, kifungua mimba.

"Wewe utalipanda wapi, mama?" mama akamjibu. "Kwenye lifti?"

Wote wakacheka, na Wamuyu akacheka kuliko wote.

Basi Jumapili ile, Eve na Ludovic walipoingia ndani kutengeneza kahawa, Wamuyu alikwenda kwenye uzio wa nyuma, akachimba kwa kijiko cha kupakulia, akaling'oa. Alilitia kwenye mfuko, chini ya chapati alizofungiwa na Eve mwenyewe ale nyumbani. Akaaga vizuri, akambusu Darlène, akapanda treni.

Rågsved alilipanda kwenye ndoo, akaiweka barazani. Mara ya kwanza baada ya muda mrefu alilala akiwa na furaha.

Kwa kuwa anafanya kazi usiku, Wamuyu hulala mchana, pazia nene likiwa limefungwa. Siku ya pili yake, jua likiwa kali huko nje, aliamshwa na sauti ya chuma. Kitu kilikuwa kinaburutwa sakafuni. Kinaburutwa, kinakaza, kinasimama. Kisha kinaburutwa tena. Alifikiri ni jirani wa juu anahamisha samani.

Halafu akasikia mtu anasema Kiswahili.

"Kaza mnyororo. Haya. Piga kigingi."

Alitoka mbio hadi sebuleni. Hapakuwa na mtu. Pazia lilikuwa limetulia, redio ilikuwa imezimwa. Lakini sakafuni, mbele ya mlango wa baraza, palikuwa na tundu la duara ambalo halikuwapo asubuhi. Alichovya kidole. Kilitoka na udongo mwekundu.

Kesho yake sofa lilikuwa limegusana na meza. Wamuyu hakukumbuka kulisogeza. Siku iliyofuata mlango wa bafu uligoma kufunguka wote, kwa sababu ukuta wa pili ulikuwa umekaribia. Alipima korido kwa mikono yake. Zamani alikuwa akinyoosha mikono yote miwili bila kugusa kuta. Sasa viwiko vilikunjika.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kila mchana alilala amejifunika shuka kichwani, na kila mchana mnyororo ulipita. Walipima jiko. Walipima baraza. Siku moja walipima kitanda, yeye akiwa juu yake, na alihisi ubaridi wa chuma unapita juu ya miguu yake, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alingoja hadi walipoondoka.

Alipoinuka, alilitia tunguu kwenye mfuko na kukimbilia treni ya Jakobsberg. Alikuwa ameamua kulirudisha na kuungama. Naamini kabisa kwamba alikuwa ameamua.

Eve alimpokea mlangoni, uso unang'aa.

"Wamuyu! Kumbe umekuja wakati mzuri. Hebu ingia uone maajabu."

"Maajabu gani?"

"Nyumba imepanuka. Usicheke! Ludovic amepima mara mbili. Chumba cha Darlène kimeongezeka, karibu kitanda kizima. Na uani je? Angalia uzio wa jirani ulipo siku hizi. Tumewauliza, wanasema uzio ulikuwa hapo siku zote." Akashusha sauti. "Isipokuwa itoka letu limeliwa na paa. Wale wanyama hawaachi kitu. Naogopa kumwambia mama."

Wamuyu aliingia chumba cha Darlène. Kilikuwa kikubwa, kina mwanga, dirisha limetazama uani. Alitambua upana ule. Ulikuwa upana wa korido yake. Ulikuwa nafasi ya sofa lake, ya meza yake, ya mlango wa bafu lake. Hata akiiba yeye, anayenufaika ni Eve. Machozi ya kijicho yalimjaa, yale ya moto yasiyotaka kudondoka.

"Kaa nikupikie chai," Eve akasema.

"Nitakaa uani," Wamuyu akajibu.

Alitakiwa kwenda kwenye uzio wa nyuma, pale pale alipoling'oa. Alisimama, akaangalia pale. Kisha akapiga magoti chini ya dirisha la Darlène, akachimba kwa vidole. Alijiambia anachukua kilicho chake tu. Chumba kile kilikuwa nyama ya nyumba yake. Mpaka ukipita hapa, chumba kitarudi kwa mwenyewe.

Dirisha likafunguka juu yake.

"Moster, vad gör du?" Darlène akauliza. Watoto wa huku ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiswidi, na yeye alitaka kujua mama yake mkubwa anafanya nini.

"Napanda ua, mpenzi. Rudi ukacheze."

Mtoto hakurudi. Aliegemea viwiko dirishani na kumtazama.

Wamuyu alishindilia udongo kwa kiganja. Ndipo ndege wakanyamaza. Nyuma yake chuma kiliburutwa kwenye majani. Kikakaza. Kikasimama.

Aligeuka. Walikuwa watatu. Mzungu wa kaptula na kofia ngumu alisimama mbali kidogo, amewapa mgongo, anatazama ardhi. Mwingine alishika ncha ya mnyororo. Wa tatu, mzee wa Kikuyu mwenye koti la serikali lisilo na vifungo, alisogea karibu. Majani chini ya viatu vyake hayakulala.

"Bwana Disii anauliza," mzee akanong'ona, kwa adabu. "Upande ule, kuna mtu?"

Wamuyu alitazama dirishani. Darlène aliwapungia mkono wale wageni.

Alikuwa na neno moja la kusema. Akisema yupo, wangekunja mnyororo na chumba kingebaki kwa Eve, pamoja na mume, pamoja na ua, pamoja na kila kitu. Kijicho cha miaka yote kilipanda kooni na kikafika mdomoni kabla yake.

"Hakuna mtu," akasema.

"Asante," mzee akasema. "Na Gathogo alijibu hivyo hivyo."

Kigingi kilipigwa. Mara moja tu.

Wamuyu alipofumbua macho, mbele yake palikuwa na ukuta mtupu wa mbao, umepakwa rangi vizuri, hauna dirisha. Haukuwa na alama kwamba umewahi kuwa na dirisha. Eve alikuja na vikombe viwili vya chai.

"Eve," Wamuyu akasema. "Darlène yuko wapi?"

"Darlène gani?"

"Mtoto wako!"

Eve aliweka vikombe chini taratibu. "Dada, unajua jinsi mimi na Ludovic tulivyohangaika. Mzaha mwingine unaumiza. Usirudie."

Wamuyu alichimba pale chini kwa kucha, Eve akimsihi aache. Hakukuta tunguu. Alikuta jiwe la mpaka la saruji, la zamani, lililoota kuvu. Kesho yake alirudi na sururu aliyoazima. Jiwe halikutikisika. Alikwenda tena, na tena, hadi Ludovic alipomwomba kwa upole asije bila kupiga simu.

Na nyumbani kwake Rågsved? Korido ilirudi ilivyokuwa. Sofa na meza vikaachana. Na mwisho wa korido, palipokuwa na ukuta siku zote, pana mlango. Ndani yake mna chumba chenye mwanga na kitanda kidogo. Mwenye nyumba anasema ni vyumba viwili na jiko, ndivyo ilivyoandikwa tangu jengo lijengwe. Wamuyu hutandika kile kitanda kila asubuhi akitoka kazini. Akiamka jioni hukikuta kimevurugika. Amewahi kukaa pembeni yake mchana kutwa, akiita jina kwa sauti ya chini. Hajawahi kujibiwa.

Mwezi wa Agosti Eve alikuja kumwona, kwa sababu damu ni damu. Alizunguka nyumba, akafika kwenye kile chumba, akasimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaingia na kuketi ukingoni mwa kitanda. Alipapasa shuka kwa kiganja, machozi yakaanza kumtoka, na mwenyewe akashangaa.

"Sijui nina nini leo," akasema. "Wamuyu, shuka hili lina joto. Nani analala hapa?"

 Wamuyu alikuwa anatazama mkono wa mdogo wake. Bila kufikiri, Eve alikuwa ameshika ncha ya blanketi, akalivuta juu upande wa ukutani, akalikunjia kwa ndani polepole, kama mtu anayechelea kumwamsha mwingine.

Mto ulikuwa umebonyea, bonde dogo la kichwa cha mtoto, na Eve alipoinuka kuondoka, bonde lile likageukia upande wa mlango.