Kiraka cha Nahodha

Kopo la biskuti lilikuwa wazi juu ya meza, kifuniko kimelala pembeni, na ndani yake hamkuwa na hata kipande cha karatasi.

"Lilikuwa na nini, Mzee?" Inspekta aliuliza.

"Sura ya mwisho."

"Sura ya mwisho ya nini?"

Sajenti, aliyesimama mlangoni na daftari lake, alikohoa. "Ya kitabu cha saba, Afande. Ndicho cha kumalizia." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Inspekta alimgeukia. Miaka minne alikuwa amefanya kazi na bwana huyu mwenye kitambi na masharubu ya kutisha watoto. Walikuwa wamekamata pamoja wezi wa magari na matapeli wa viwanja, na hakuwahi kumwona na kitabu chochote zaidi ya kile cha matukio pale kituoni.

"Wewe umejuaje?"

"Nimevisoma vyote sita, Afande. Viwili nimerudia."

"Haya. Tutazungumza mimi na wewe."

Ilikuwa saa saba na dakika kumi mchana. Chumba kilikuwa cha wasemaji, nyuma ya jukwaa la ukumbi mkubwa: meza moja, viti viwili, kioo, chupa ya chai na maua ya plastiki yaliyoshika vumbi. Kwenye kiti kimoja alikaa mwandishi, mzee mwembamba mwenye sweta la kijivu. Nyuma yake alisimama binti yake, muuguzi wa miaka thelathini na kitu, mkono mmoja juu ya bega la baba yake na mkoba mkubwa wa dawa kwapani.

"Kuna nakala ngapi?"

"Moja."

"Hukuipiga chapa? Hata picha ya simu?"

"Mimi naandika kwa kalamu ya risasi, mwanangu. Sura ikiisha, naitia kwenye kopo. Ndivyo nilivyofanya siku zote." Mzee aliinua mkono wake wa kulia. Ulitetemeka hadi akaushika kwa ule wa kushoto. "Kurasa thelathini na moja zile zimenichukua miezi kumi na minne. Daktari anasema mwakani sitaweza kushika hata kijiko. Ukiniambia niziandike upya, siwezi. Na saa tisa natakiwa niwasomee watu wale."

Watu wale Inspekta alikuwa amewaona akiingia. Kongamano la bunilizi za sayansi, bango lilisema. Alipita katikati ya roboti waliojitengeneza kwa maboksi, bibi mmoja aliyejipaka rangi ya kijani hadi masikioni, na mabwana wazima wakibishana kwa jazba juu ya namna ya kupanda mboga kwenye mwezi. Alikuwa amecheka kimoyomoyo. Watu wana nafasi, alijiambia.

Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa amemaliza kupaka unga wake kwenye kopo. "Kuna za Mzee peke yake, Afande. Juu yake kuna alama za glavu."

"Nani aliingia humu?"

"Tulitoka mimi na mwanangu saa tano na nusu," mwandishi alisema. "Mimi nilienda kutazama ukumbi. Yeye alikwenda kunitafutia maji ya moto. Niliporudi, ndio hivi."

"Ulitazama ukumbi kwa nusu saa nzima?"

Uso wa Mzee ukafunguka. "Sijawahi kuhudhuria kitu hiki. Miaka yote wananialika, nakataa. Chumba changu cha kuandikia kina dirisha moja, na linatazama ukuta. Nilidhani wasomaji wangu ni watu watatu, wanne. Leo nimeshuka kwenye gari, nikamwona mke wangu akipita. Ana miaka kumi na miwili kaburini, na anapita mbele yangu na koti lake la kijani. Kabla sijapumua, akapita mwingine. Halafu wengine watatu, wakicheka. Nikasimama pale mlangoni nikiwatazama. Inspekta, nimeandika habari za sayari ishirini, lakini sijaona ajabu kama ile."

Inspekta alimtazama Sajenti.

"Nahodha, Afande," Sajenti alieleza. "Nahodha wa chombo cha angani. Ndiye mhusika mkuu. Wasomaji huvaa kama yeye: koti la kijani, glavu, kofia ya chuma yenye kioo cheusi. Hawakosei hata kifungo."

"Na nahodha huyo ni mkeo, Mzee?"

"Mimi sikumbuni. Nilimkumbuka tu."

Binti aligeuza uso akautazama ukuta.

*

Shahidi alipatikana kwenye ujia: mama wa usafi, ndoo mkononi, hana haraka na mtu.

"Nilimwona. Saa sita kasoro hivi. Alitoka chumba kile akaenda upande wa vyoo. Koti la kijani, kofia ya chuma, glavu."

"Uso?"

"Uso gani tena, Afande, na mtu kavaa sufuria? Nilimwona mgongo."

"Mnene? Mwembamba?"

"Koti pana lile. Humjui mtu."

"Basi hukuona kitu."

Mama wa usafi aliweka ndoo chini. Aliudhika. "Nimeona kiraka. Hapa, kwenye kiwiko. Kimeshonwa kwa uzi wa njano, na kwa mkono, si kwa cherehani. Makoti ya wale wengine ni mapya, yamechakazwa makusudi. Lile lilikuwa limechakaa lenyewe."

"Kiwiko cha mkono upi?"

"Wa kulia. Ndio alioshikia kitasa, nami niko nyuma yake nasubiri apite."

"Una hakika?"

"Afande, mimi kazi yangu ni kuona palipochafuka."

Inspekta alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Mama yake mzazi alikuwa fundi wa nguo, na alilelewa chini ya meza ya cherehani. Kiraka alikijua.

Kamera za ulinzi za milango ya nje zilionyesha kwamba tangu saa tano hakuna nahodha hata mmoja aliyetoka. Mwizi alikuwa bado ndani. Inspekta alitoa amri: manahodha wote jukwaani.

Walikuja mmoja mmoja, kisha makundi makundi. Wanawake, wanaume, msichana wa shule, babu mwenye fimbo, bibi harusi mtarajiwa na mchumba wake wamevaa sare. Sajenti aliwahesabu: arobaini na mmoja. Waliposikia kilichoibwa, wanne walianza kulia. Hakuna aliyelalamika kupekuliwa.

"Geukeni," Inspekta alisema.

Makoti arobaini na moja yaligeuka kwa pamoja. Viraka arobaini na kimoja, uzi wa njano, vyote kwenye kiwiko cha kushoto.

Hapo ndipo kicheko chake cha pale alipoingia kilipomtoka kabisa moyoni. Watu hawa hawakujuana. Walitoka miji mbalimbali, kila mmoja alikaa peke yake na sindano, kitabu kimefunuliwa pajani, akashona kiraka cha mwanamke asiyemjua, inchi ile ile, rangi ile ile. Inspekta alisimama mbele ya migongo ile, mwili ukamsisimka, na hakujali nani anamwona.

"Mbona wote kushoto?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kitabu cha kwanza, ukurasa wa kumi na tisa," arobaini na mmoja walijibu kwa mpigo. Sajenti alikuwa wa arobaini na mbili.

"Hakuna anayeweza kukosea?"

"Afande," Sajenti alisema, kama aliyeumizwa, "hapa mtu anaweza kusahau jina la mkewe. Kiraka hasahau. Labda yule mama hakuona vizuri."

"Aliona."

"Basi huyo si msomaji."

"Ndiyo, Sajenti," Inspekta alisema polepole. "Si msomaji."

*

Alirudi chumba cha wasemaji saa nane na robo. Mzee alikuwa ameshika tama. Binti alikuwa akimmiminia dawa kwenye kijiko.

"Mzee, koti la mkeo lilikuwa la kweli?"

"La kweli kabisa. Alikuwa mwalimu. Jioni alilivaa akisahihisha madaftari, mimi naandika. Meza moja, miaka ishirini."

"Kiraka?"

"Alikishona mwenyewe. Kiwiko cha kushoto."

"Nionyeshe alivyokuwa akikaa."

Mzee alishangaa, lakini alisogeza kiti. "Mimi hapa. Yeye pale, ng'ambo ya meza. Kiwiko chenyewe akikiweka hapa." Akagonga meza upande wake wa kushoto.

Inspekta alizunguka meza, akaketi ng'ambo, uso kwa uso naye. Kisha akaweka kiwiko pale pale Mzee alipogonga. Kilikuwa kiwiko chake cha kulia.

Mzee alikitazama kiwiko kile.

"Lahaula," alisema. "Miaka kumi na miwili namwandika kinyume."

"Wasomaji wako wote wamekufuata, Mzee. Ni mtu mmoja tu leo aliyevaa kiraka kulia. Na hakukosea. Lile koti la mkeo liko wapi?"

"Sijui. Baada ya msiba sikuliona tena. Nilidhani ndugu zake wamelichukua."

Inspekta hakumtazama Mzee tena. "Dada, ule mkoba wa dawa ni mkubwa sana kwa chupa mbili."

Kijiko kiligonga meza. Binti hakukimbia wala hakubisha. Aliufungua mkoba mwenyewe, akatoa kofia ya chuma ya kuazima na glavu, kisha koti la kijani lililokunjwa vizuri. Ndani ya mkunjo kulikuwa na kurasa thelathini na moja.

"Zote zipo," alisema. "Sikuchana hata moja."

"Mwanangu," Mzee alisema.

"Kofia uliipata wapi?" Inspekta aliuliza.

"Mezani, zinaazimwa pale mlangoni. Koti nimelitunza mimi. Nililileta leo nilivae mbele yake, nimfurahishe. Wallahi ndiyo nia niliyokuja nayo."

"Kilibadilika nini?"

"Asubuhi alinipa sura ile niisome. Mara ya kwanza. Nikafika ukurasa wa ishirini na nane."

"Una nini ukurasa huo?"

Binti aliuchomoa ukurasa, akaubana kifuani, akamgeukia baba yake, si Inspekta. "Nahodha anakufa, sawa. Nilijua atakufa. Lakini kuna maneno anamwambia binti yake. Baba, yale maneno umeyatoa wapi?"

Mzee alifumba macho.

"Mama alikata roho saa kumi alasiri. Wewe hukuwepo. Ulikuwa nyumbani, unaandika. Sikukulaumu, hata siku moja sikukulaumu. Alinivuta sikio karibu na mdomo, akaniambia mimi. Jioni ile nilikuona unavyolia, nikakuhurumia, nikakupa. Nilikupa wewe, baba. Sikuwapa watu mia sita." Aliligusa koti. "Umewapa koti lake. Umewapa mwendo wake, na kicheko chake, na namna yake ya kukohoa kabla ya kugomba. Wamempenda, nami nimefurahi. Nimebakiwa na kitu kimoja tu, maneno yale. Leo saa tisa wangekuwa nacho, kesho wangekichapisha kwenye fulana."

"Ulitaka kukiharibu?"

"Nilitaka ukurasa mmoja tu. Nikasikia ndoo ya mama wa usafi, nikabeba zote." Aliuweka ukurasa mezani. "Haya. Nimekamatwa."

Ukurasa ulilala ukiwa umetazama juu, mwandiko wa kutetemeka, chini ya pua ya Inspekta. Kwa kazi yake alizoea kusoma barua za watu, simu za watu, hata shajara za marehemu. Aliunyoosha mkono, akaugeuza ukurasa kifudifudi. Sajenti, aliyekuwa amesubiri mwisho ule kwa miaka mitatu, aliitazama dari.

"Mzee, wewe ndiye mlalamikaji," Inspekta alisema. "Niandike nini?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Mzee bila aibu. "Nilidhani namtunza. Nilidhani kila nilichokikumbuka ni changu." Akamshika binti mkono kwa mkono wake unaotetemeka. "Sina malalamiko, Inspekta. Mwenye kulalamika ni huyu."

*

Saa tisa ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Inspekta alikuwa na ripoti ya kuandika, lakini alisimama ukutani, Sajenti upande huu, binti upande ule. Binti alikuwa amelivaa koti.

Mzee alisoma kwa sauti iliyoanza kwa kigugumizi na ikapata nguvu. Nyota zilipita, chombo kikaungua, nahodha akafungua milango ya wote isipokuwa wake. Watu mia sita hawakujikuna. Inspekta, ambaye maisha yake yote hakuwahi kujali kilichoko juu ya mawingu, aligundua kwamba ameacha kupumua.

Mzee akafika ukurasa wa ishirini na nane. Aliutazama. Kisha akaukunja, mara moja, mara mbili, akautia mfuko wa sweta.

"Hapa," alisema, "nahodha alimwambia binti yake maneno. Mimi sikuwepo chumbani."

Akachukua ukurasa wa ishirini na tisa.

Hakuna aliyeguna. Katikati ya ukumbi nahodha mmoja alisimama, kisha wa pili, kisha wote arobaini na mmoja, kofia zimeshikwa mkononi, wakabaki wamesimama hivyo hadi neno la mwisho. Binti alikuwa ameuziba mdomo kwa mkono wa koti, mabega yanatikisika. Inspekta alimsogelea, kisha yeye mwenyewe akasimama wima pamoja na manahodha.