Msalaba Umefika, Funga Chombo

Jumamosi, 14 Septemba. Tangu alfajiri upepo wa kaskazini ulikuwa ukipiga, mbingu nyeupe, bahari imejaa mapovu.

Nilitoka kanisani na tawi langu la mrehani uliobarikiwa, nikafuta meza za mgahawa wetu, nikazifuta tena. Ilikuwa Sikukuu ya Msalaba, siku ya jina langu, kwa kuwa Stavroula hutokana na msalaba, na siku ambayo mabaharia wa zamani wa kisiwa chetu cha Kythnos hufunga vyombo mpaka Pasaka. Baba alikuwa ameshafunga mashua yake gatini.

Mwaka jana nilimwambia Manousos, nahodha wa boti za matanga za kukodi: "Msalaba ujao funga chombo tuoane. Ukishindwa, usinipitie tena."

Simu ikalia. Ujumbe wake: "Nimetoka bandari ya Lavrio na wageni. Leo ndiyo siku yao ya kwanza. Tutalala kwenu."

Nikaandika: "Na kesho?"

Nikatia simu mfukoni, nikarudi kwenye meza zangu.

Alasiri akaingia. Akatupa nanga katikati ya bandari, akarudi kinyumenyume mpaka gatini, kama wafanyavyo wote. Ghafla mashua ya baba ikashtuka.

"We Manousos!" baba akapiga kelele. "Nanga yako imenasa mnyororo wangu!"

"Nisamehe, mzee Zannis."

"Hata mgeni wa jana hafanyi hivyo!"

Shangazi Marouso, aliyekuwa mlangoni pa mgahawa, akaangua kicheko. "Nahodha kavua mashua ya mkwewe! Samaki mkubwa huyo!"

"Mkwe wa nani?" baba akanguruma.

Nikamfuata Manousos gatini.

"Umefanya makusudi?"

"Hapana. Nilikuwa nakutazama wewe, sikuitazama nanga."

"Utamu huo wauzie wageni wako. Kesho unaondoka?"

"Stavroula, wamekodi wiki nzima..."

"Kila wiki ina wageni wake. Mimi Msalaba wangu ni mmoja kwa mwaka."

Baba akapanda mashuani, akalegeza mnyororo wake.

"Haya, kijana, toa nanga yako. Ukitaka kwenda, nenda sasa. Sitaki watu waseme nilimtegea binti yangu mume kwa chuma."

Moyoni nikasema: Bwana, kama si wangu, nipe nguvu ya kumwona akiondoka.

Nanga ikapanda. Boti ikazipita mashua za wavuvi, ikaelekea mlango wa bandari. Nikageuza uso.

Shangazi akanivuta mkono. "Tazama, mjinga wewe!"

Boti ilikuwa imegeuka. Manousos akatupa nanga upya, mbali na ya baba, akarudi taratibu, akafunga kamba. Kisha akapiga simu kwa spika, gati zima likisikia.

"Bosi, kesho asubuhi mlete nahodha Kosmas kwa meli ya abiria, awachukue wageni. Mimi nimefunga."

"Umelewa? Msimu haujaisha!"

"Msimu wenu huo. Huku kwetu Msalaba umefika."

Akakata.

Padri Gerasimos alikuwa akipita na kapu la mrehani uliobaki. Manousos akaomba tawi, akaja kusimama mbele yangu, mikono imejaa tope la nanga.

"Jina lako lidumu, Stavroula," akasema, akanipa. Kisha akapaza sauti: "Padri, mzee Zannis, shangazi, nanyi wageni wangu, mnisikie. Mungu akipenda, nitamwoa Stavroula katika kanisa la hapa kabla ya mfungo wa Krismasi. Na kila Msalaba, nikiwa hai, chombo changu kitakuwa kimefungwa hapa."