Kilima Ambacho Chiriku Hakukipanda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku huikagua baiskeli ya mama yake. Huminya matairi kwa kidole gumba, hupaka mnyororo mafuta, kisha hufunga sanduku la chanjo kwenye keria. Mama ni nesi, na kila Jumanne huenda zahanati ya mlimani. Lakini Jumanne moja Chiriku alikaza mikanda bila kuinua uso.

Jana yake mjomba, fundi baiskeli, alikuwa amefunga gia mpya kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli hiyo, zote ndogo.

"Hizi ni za kukimbilia tambarare," alimwambia. "Ninazo nyingine zenye gia moja pana kama sahani, ya kupandia. Pakia mzigo, panda kilima cha nyuma ya shule, uniambie kama hizi zinatosha."

Chiriku akaenda kushindana na wenzake kwenye lami, akawaacha hoi. Aliporudi alisema, "Nimepanda, mjomba. Mteremko tu!"

Sasa, darasani, hesabu hazikupanda kichwani. Kengele ya mapumziko ilipolia alitoka mbio hadi kwa fundi.

"Mjomba, nilikudanganya. Kilimani sikufika."

Mjomba aliweka spana chini. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Barafu ya chanjo inadumu mpaka saa ngapi?"

"Saa saba."

Mjomba akachukua zile gia za kupandia na vifaa vyake, wakaomba ruhusa kwa mwalimu, akambeba Chiriku kwenye baiskeli yake. Walimkuta mama katikati ya mlima, akisukuma baiskeli huku akichechemea. Alikuwa amelazimisha pedali mpaka akaanguka. Goti lilivuja damu, lakini sanduku alikuwa amelikinga kwa mwili wake.

"Mama, ni mimi niliyesema zinatosha," Chiriku alisema, machozi yakimlengalenga.

"Utalia baadaye. Shika gurudumu."

Mjomba alibadilisha gia pale pale kando ya njia, akaongeza pingili mbili za mnyororo. Mama akapanda. Miguu ilizunguka upesi, baiskeli ikatambaa kama kinyonga, lakini hakushuka tena.

Wote watatu walifika zahanati saa sita na nusu, barafu imebaki vipande. Wazazi watatu walikuwa wamechoka kusubiri, wakarudi makwao. Chiriku ndiye aliyetumwa kuwafuata, nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni alieleza kosa lake. Uso ulimwaka kwa aibu. Hata hivyo, hakuna mtoto aliyekosa chanjo.

Jioni, wakati Chiriku akimfunga bendeji, mama alisema, "Gia ndogo si mbaya, mwanangu. Zina mahali pake. Kibaya ni kuambiwa zinafaa mlimani na mtu ambaye hakupanda. Mimi nilikanyaga pedali kwa kuliamini neno lako. Siku nyingine ukiulizwa kama umejaribu, nawe hujajaribu, sema 'bado'. Hakuna atakayekucheka. Ungesema hivyo jana, goti langu lingekuwa zima."